Mchoro wa Ukutani

Nilikwenda Igunga kumtembelea kijana niliyewahi kumfundisha chuoni. Yeye na wenzake wanne, mmoja akiwa Tabora mjini na wengine Dodoma na Dar es Salaam, wanatunza kwa pamoja programu ya kumbukumbu za wagonjwa. Ukutani mwa ofisi yake nilikuta mchoro wa programu hiyo, wenye visanduku sita na mishale. Niliutambua mara moja. Mimi ndiye niliyeuchora.

“Shikamoo, Mwalimu. Mchoro wako bado tunao,” aliniambia. Kisha, kwa adabu, akanieleza yaliyowapata. Programu sasa ina sehemu kumi na moja. Kijana mgeni katika kundi lao aliuamini mchoro, akaona jedwali moja la hifadhidata haliguswi na mshale wowote, akalifuta. Kumbukumbu za siku tatu zililazimika kuingizwa upya kutoka kwenye madaftari.

“Tulitaka kuusahihisha, Mwalimu, ila sisi tuna picha tu. Faili la asili unalo wewe.”

Sikuwa nalo. Lilipotea pamoja na kompyuta yangu ya zamani.

Njia ya kale ya misafara ilipita katika nchi hii ya Unyamwezi, nami usiku ule niliikumbuka ramani moja. Mwaka 1856 wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokuwa wakiishi pwani ya Mombasa, walichapishiwa huko Ulaya ramani iliyotokana na simulizi za wasafiri wa bara. Ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Burton na Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, aliwaeleza kuwa maziwa hayo ni mbalimbali. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakiikanyaga njia ya Ujiji mwaka hata mwaka. Waliojua walikuwa wengi, lakini ramani ilikuwa mbali na mikono yao.

Kosa langu lilikuwa la namna hiyohiyo. Niliwapa watu picha, nikabaki na uwezo wa kuibadilisha.

Asubuhi tuliuandika mchoro upya, kwa maneno. Zipo programu zinazogeuza maandishi kuwa mchoro: Graphviz, PlantUML, Mermaid. Mtu huandika mstari kama huu:

Mapokezi --> Daktari --> Dawa

na kompyuta huchora visanduku na mishale yenyewe. Maandishi hayo tuliyaweka ndani ya hazina ileile inayohifadhi msimbo wa programu. Abadilishaye msimbo hubadilisha na mstari wa mchoro, wenzake huyapitia yote mawili kwa pamoja, na Git hutunza kumbukumbu ya nani alibadilisha nini na lini. Tangu mwaka 2022 GitHub huonyesha michoro ya Mermaid bila kuhitaji programu nyingine. Aidha, mistari ishirini hupita hata penye mtandao dhaifu.

Sisemi kwamba dawa hii haina uchungu. Visanduku vikizidi, mishale husokotana, na huwezi kukiweka kila kisanduku upendapo. Wala maandishi hayajisahihishi: watu wakizembea, nayo yatasema uongo kama picha yangu ilivyosema. Tofauti ni kwamba sasa yeyote kati ya watano wale anaweza kuuondoa uongo huo bila kumsaka mwalimu wake.

Tunapenda kuzungumzia umiliki wa ardhi na madini. Tuulize pia juu ya mifumo inayobeba kumbukumbu za wananchi: ramani yake iko mikononi mwa nani? Mtaalamu akistaafu, au mkandarasi akimaliza mkataba, je, anaondoka na ufunguo? Kukabidhi programu bila maelezo yanayorekebishika ni kumkabidhi mtu nyumba huku ukibaki na mlango.

Kabla ya kuondoka niliubandua mchoro wangu ukutani. Kijana aliniomba niuache, uwe ukumbusho. Nilikataa.