Mkono Ulioinuliwa na Mwingine

Baba yangu alifundisha kwaya ya mtaa wetu kwa miaka 29. Mwaka 2021 kiharusi kilimpata. Mkono wa kulia, ule aliozoea kuuinua ili waimbaji waanze pamoja, ukabaki unaning'inia. Maneno nayo yakawa mazito, yakitoka nusunusu, na mara nyingi lilitoka neno asilolitaka. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena kanisani.

Mimi mwanawe ni mchungaji. Nimezika, nimewatembelea wagonjwa, nimewaambia watu wengi wasiwafiche wagonjwa wao. Kwa baba yangu nilifanya kinyume. Nikienda likizo nyumbani nilimwambia, "Baba, wewe pumzika, Mungu anasikia hata hapa." Alikuwepo rafiki yake wa siku nyingi, aliyeimba naye sauti ya nne tangu ujana wao. Kila alipokuja kumwona, nilimpokea barazani kwa heshima, nikamwambia, "Mzee amelala kidogo." Wakati mwingine ilikuwa kweli. Mara nyingi haikuwa kweli. Nilidhani nalinda heshima ya Baba. Leo najua nilikuwa nalinda na ya kwangu.

Mwezi wa pili mwaka 2023 nilikwenda kaskazini mwa Uswidi katika ziara ya usharika rafiki. Kwetu Kagera Waswidi si wageni. Bengt Sundkler, askofu wetu wa kwanza wa Kilutheri, alitoka huko, kabla ya Askofu Josiah Kibira kushika kazi hiyo mwaka 1964. Lakini jambo nililorudi nalo safari hiyo sikulipata kwenye semina. Nilifikia kwa mzee mmoja wa kanisa, mchimba madini mstaafu. Jioni moja alinionyesha kwenye televisheni picha za mtu ambaye Uswidi nzima ilikuwa imemlilia miezi mitatu kabla. Mtu huyo aliitwa Börje Salming.

Kwanza ilibidi anieleze mchezo wenyewe. Ni mpira wa magongo, ila unachezwa juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye ubapa wa chuma chini, wakateleza kwa kasi kubwa. Badala ya mpira kuna kisahani kigumu cheusi, na kugongana kwa mwili ni sehemu ya mchezo. Salming alikuwa beki. Kazi yake ilikuwa kuzuia, na alijulikana kwa kujitupa chini mbele ya kisahani kilichopigwa kwa nguvu, akiuzuia kwa mwili wake.

Alizaliwa mwaka 1951 karibu na Kiruna, mji wa mgodi wa chuma, ambako miezi ya baridi jua halionekani kwa majuma kadhaa. Upande wa baba alikuwa wa kabila la Wasami, wafugaji wa kale wa eneo hilo. Alipokuwa na miaka mitano, baba yake alikufa kwa ajali mgodini. Mwenyeji wangu alipofika hapo alinyamaza kidogo. Yeye mwenyewe alishuka katika mgodi huo maisha yake yote.

Mwaka 1973 Salming alivuka bahari kwenda Kanada kuichezea Toronto Maple Leafs. Siku zile ligi ya Amerika Kaskazini ilikuwa karibu yote ya Wakanada, na watu wa Ulaya walihesabiwa kuwa laini. Waliwaita Waswidi kuku, yaani waoga; sisi tungesema kunguru. Katika mchezo wake wa pili alikutana na timu ya Philadelphia, iliyojulikana kwa ngumi kuliko kwa magoli, nao wakamtafuta wazi ili wamvunje moyo. Hakukimbia. Alicheza Toronto misimu 16, na mmoja Detroit, jumla michezo 1,148. Mwaka 1986 kiatu cha mchezaji mwingine kilimpasua uso, ukashonwa kwa nyuzi zaidi ya 200, naye akarudi uwanjani. Hakuwahi kutwaa kombe la ligi ile. Lakini mwaka 1976, alipokuja kucheza Toronto akiwa na jezi ya Uswidi, watu wa mji ule walisimama wakampigia makofi kwa muda mrefu, ingawa siku hiyo alikuwa wa upande mwingine. Mgeni aliyetukanwa alikuwa amekuwa mwenyeji.

Mpaka hapo nilisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mashujaa. Ni hadithi nzuri: yatima, ugenini, matusi, uvumilivu, makofi. Wahubiri tunaipenda hadithi ya namna hiyo. Nilikwisha kuanza kuipanga kichwani kwa mahubiri ya vijana.

Kisha mzee yule akaniwekea picha za Novemba 2022. Miezi michache kabla, ilikuwa imetangazwa kwamba Salming ana ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Akili inabaki, mwili unazimika kidogo kidogo, na tiba ya kuuponya haipo. Yule aliyekuwa mwepesi juu ya barafu alikuwa hawezi tena kusema. Hata hivyo alipanda ndege, akaenda Toronto, na siku mbili mfululizo akaonekana mbele ya umati ule.

Niliangalia kwa makini. Alikuwa amekonda, kichwa kimeinama. Upande mmoja alisimama Darryl Sittler, nahodha wake wa zamani. Upande wa pili alisimama Mats Sundin, Mswidi aliyekuja Toronto baada yake. Uwanja mzima ulisimama na kupiga makofi. Salming alitaka kuwapungia watu, lakini mkono haukupanda. Ndipo Sittler akaushika mkono wake na kuuinua, huku yeye mwenyewe akilia wazi mbele ya maelfu ya watu. Tarehe 24 mwezi huohuo Salming akafa, akiwa na umri wa miaka 71.

Mwenyeji wangu alizima televisheni. Mimi nilibaki nimekaa. Sikumwona Salming tena. Nilimwona Baba, na mkono wake wa kulia.

Chuoni tulisoma kwamba mwaka 1518, kule Heidelberg, Martin Luther alitofautisha teolojia ya utukufu na teolojia ya msalaba. Ile ya kwanza humtafuta Mungu katika nguvu na mafanikio. Ya pili humkuta pale anapoonekana ameshindwa, msalabani. Swali hilo nililijibu vizuri kwenye mtihani. Nyumbani kwa baba yangu nilikuwa mwanafunzi wa teolojia ya utukufu. Nilitaka usharika ubaki na picha ya mwalimu mwenye mkono ulio juu. Nilisahau kwamba hata Musa, mtumishi mkubwa namna ile, mikono yake ilichoka vitani. Katika Kutoka 17 Haruni na Huri hawakumficha hemani mpaka apate nguvu. Walimketisha juu ya jiwe, mahali pa kuonekana, wakaishika mikono yake mpaka jua likachwa.

Niliporudi nilimsimulia Baba habari zote, kuanzia mgodi hadi mkono ule. Alisikiliza akitazama chini. Nilipomaliza, alihangaika na maneno kwa muda mrefu. Mwishowe lilitoka moja tu, jina la yule rafiki yake.

Nilikwenda kwake jioni ileile. Nilimwambia ukweli kwamba mara nyingi Baba hakuwa amelala. Nilimwomba msamaha. Yule mzee hakunikemea. Alisema, "Mchungaji, mimi sikuja kusikia sauti yake. Nilikuja kukaa naye."

Jumapili iliyofuata alikuja mapema, akamshika Baba kwapani, wakaenda taratibu. Hawakukaa nyuma. Walikwenda mpaka benchi la kwaya, upande wa sauti ya nne. Wimbo ulipoanza, yule mzee aliuchukua mkono wa kulia wa Baba, akauinua kidogo, kiasi cha kifua, akaushikilia hapo beti zote. Na Baba, ambaye hawezi kuomba hata maji kwa sentensi nzima, akatoa sauti. Maneno hayakuwa kamili, lakini sauti ya nne ilikuwa mahali pake. Waimbaji aliowafundisha waliendelea kuimba huku wakifuta macho. Mimi sikuimba. Nilikuwa nalia.

Baba alilala katika Bwana mwaka uliofuata. Hakupona. Mkono ule haukupata nguvu tena hata siku moja. Lakini miezi yote iliyobaki alikuwa kanisani, na kila Jumapili kulikuwa na mtu wa kuuinua. Rafiki yake alipougua, kijana mmoja wa kwaya alishika nafasi yake bila kuombwa.

Mpendwa msomaji, huenda nyumbani kwako yuko mtu ambaye unamwambia apumzike, naye hajachoka. Ameona haya tu, na haya yako imeongezea yake. Kumpigia makofi mwenye nguvu si kazi, hata dunia inaweza. Usharika unajulikana pale mkono unapokuwa hauwezi kupanda, na mtu wa jirani anaushika. Na ikiwa leo mkono huo ni wako, usiuzuie usiinuliwe. Kristo mwenyewe, akiwa njiani kwenda kutuokoa, alichoka, na mtu mwingine akaubeba msalaba wake.