Roboti za Vita: Toka Fort Mason Mpaka Garaji Moja ya Oakland

Katika muji wa San Francisco, Marekani, kuko mahali panaitwa Fort Mason. Zamani palikuwa pa jeshi. Wakati wa vita ya pili ya dunia, askari zaidi ya milioni moja na nusu walipanda meli katika bandari ya San Francisco na kwenda kupigana upande wa Pasifiki, na wakubwa waliopanga safari zile walitumika pale. Leo askari hawako tena. Magala marefu yenye kuta nyeupe na paa nyekundu yangali kando ya maji, na ndani yake watu wanafanya maonyesho, masomo na michezo. Ukisimama pale unaona kisiwa cha Alcatraz, chenye gereza lililofungwa 1963, na ukigeuka kushoto unaona daraja lekundu la Golden Gate lililofunguliwa 1937.

Mimi nilifika mwezi wa saba 2023. Wenyeji waliniambia kwamba ni wakati wa joto. Nilivaa koti mbili, na ukungu wa bahari ulipita kwenye shingo hata hivi.

Sikuenda Fort Mason kwa ajili ya askari. Nilipelekwa na kijana wa miaka 16, mutoto wa ndugu mumoja wa Likasi anayekaa Oakland, ng'ambo ya maji. Treni inakupitisha chini ya bahari kabisa, na masikio yanaziba kama vile unashuka shimoni na lifti. Njiani kijana aliniambia: «Papa Pasta, pale ndipo vita yetu ilianza.» Nilishituka kidogo. Sisi watu wa Kongo, neno vita si neno la kuchezea. Lakini alikuwa anasema juu ya roboti.

Habari yenyewe ni hii. Marc Thorpe alikuwa fundi wa kutengeneza vitu vya sinema. Katika mwaka 1992 alijaribu kutia telekomandi kwenye mashini ya kufagia nyumba kwa kuvuta vumbi. Kama mashini ya usafi, ile haikufaa. Lakini ikamupa wazo: namna gani kama watu wangetengeneza mashini nyumbani, halafu mashini zenyewe zipigane, na watu wakae salama pembeni? Mwezi wa nane 1994 mashindano ya kwanza yalifanyika katika gala moja pale Fort Mason. Yaliitwa Robot Wars. Yalirudi kila mwaka mpaka 1997. Kisha ugomvi wa feza ukaingia na mambo yakafika tribinali, kama vile tunajua hata huku kwetu. Mwaka 1998 televisheni ya Uingereza, BBC, ikachukua mchezo ule. Mwaka 1999, Wamarekani wengine wakaanzisha BattleBots katika muji wa Long Beach.

Katika zile za mwanzo kuko moja ambayo mama zetu wangecheka kuiona. Jina lake Blendo, mwaka 1995. Jamie Hyneman, ambaye baadaye alijulikana sana kwa televisheni, alikamata karai kubwa ya kupikia ya Wachina, akaigeuza juu chini, akatia visu kandokando, na moteri ya mashini ya kukata majani ikaizungusha. Vipande vya mashini nyingine viliruka kupita ukuta wa plastiki upande wa watazamaji. Waamuzi walisimamisha mambo, wakaipa heshima ya ushindi, wakaiondoa mchezoni. Karai! Nami nilifikiri roboti ni kitu cha maabara ya wasomi.

Tukiwa pale, kijana alishika ukuta wa gala kama mutu anayesalimia kaburi la babu. Basi tukarudi Oakland, maana kazi ilikuwa kule.

Garaji ya nyumba yao haina gari. Gari linalala inje. Ndani kuko meza ya mbao, mashini ya kutoboa, msumeno, mashini ndogo inayochapisha vitu vya plastiki kama keki inavyopandishwa tabaka juu ya tabaka, na masanduku ya vise na ekru. Baba yake alikuwa ajisteri katika atelie ya mugodi mbele ya kuhama, na alitundika turnevisi zake ukutani kwa ukubwa, moja baada ya nyingine, kama tulivyozoea kuona kwetu. Kijana alinunua vitu vyake kwa feza ya kuosha magari ya majirani. Alikuwa ametumia karibu yote.

Roboti yake ni ya uzito wa ratili tatu za Kimarekani, ni kusema gramu 1 361. Hapana gramu moja juu. Zile kubwa za BattleBots zinafika kilo 113, lakini vijana wengi wanaanza na hizi ndogo, kwa sababu mutu anaweza kuibeba chini ya kwapa na kuilipia bila kuuza nyumba. Ina magurudumu mawili, kila moja na moteri yake. Mbele ina sahani ya chuma kigumu yenye jino, upana wake santimeta 10, inayozunguka wima. Ile ndiyo silaha. Silaha peke yake inabeba karibu gramu 400.

Sahani ile inazunguka mara 10 000 kwa dakika moja. Nilifanya hesabu kwenye karatasi: ncha ya jino inakimbia karibu kilometa 188 kwa saa. Sahani inayoenea kwenye kiganja changu, tena inakimbia kupita gari lo lote kwenye barabara ya Likasi!

Kijana alinifundisha hesabu nyingine, na hii ilinipendeza zaidi. Niliuliza: «Mwana wangu, juu ya nini jino moja tu? Si mawili yangekata zaidi?» Akacheka. Kama roboti inakimbia meta mbili kwa segonde, na sahani inazunguka mara 167 kwa segonde, basi kati ya muzunguko mumoja na mwingine roboti imesonga milimeta 12. Jino moja litaingia ndani ya adui milimeta 12. Meno mawili, kila moja litapata milimeta sita tu. Meno mengi ni kusugua, si kuuma. Na ukizidisha mbio ya sahani mara mbili, nguvu ya pigo inazidi mara ine, lakini jino linapata nafasi ndogo zaidi ya kuingia. Vijana mnaosoma fizike na kuuliza inasaidia nini, mumesikia.

Sasa majaribio. Hapa ndipo nilijifunza kwamba watu hawa hawachezi. Siku ya kwanza silaha haikufungwa kabisa. Roboti ilikimbia tu chini, mbele, nyuma, kugeuka. Kisha baba akasema: «Zima telekomandi.» Kijana akaizima wakati roboti ilikuwa mbioni, nayo ikasimama hapo hapo. Ni sheria: roboti ikikosa sauti ya bwana wake, inapaswa kusimama yenyewe. Isiposimama, haiingii uwanjani.

Siku ya pili walileta sanduku la majaribio. Chini ni mbao nene, kuta na kifuniko ni plastiki ngumu inayopitisha mwanga, inayoitwa polikaboneti. Kioo kingevunjika na kuwa visu. Silaha haifungukiwi inje ya sanduku hata kwa segonde moja. Roboti ikiwa mezani, pini ya chuma inapitishwa ndani ya sahani ili isizunguke. Pini inaondolewa mwisho, na inarudi ya kwanza. Tena silaha inapaswa kusimama kabisa katika segonde 60 kisha kukatiwa umeme. Mimi nilitaka kuchungulia karibu, kijana akapaza sauti: «Papa Pasta, hapana kukaribia! Bado inazunguka.» Nilirudi nyuma ya baba yake.

Walianza pole-pole. Kwa mbio ya nusu, sanduku lote lilitetemeka na roboti ikatembea upande kama kaa. Sahani yenye jino moja haina usawa, upande wa jino ni muzito. Waliitoa, wakasugua kidogo upande huu, wakairudisha. Mara ine. Kila mara vise zilipakwa gundi ili zisilegee. Walipofika mbio yote, sauti ilikuwa ya nyuki milioni. Na nikaona ajabu: roboti ilipogeuka haraka, gurudumu moja liliinuka chini, kama mbwa anayeinua muguu. Shika gurudumu la kinga mikononi, mutu alizungushe kwa nguvu, halafu jaribu kuligeuza. Utasikia linavyokataa. Ni jambo lile lile.

Kisha pigo. Katika sanduku waliweka roboti ya kijana ya mwaka uliopita, mashini mbovu, kama adui. Mlio mumoja. Ile ya zamani ilipigwa mpaka kwenye kifuniko, ikaanguka, plastiki yake imepasuka vipande viwili. Tulipiga mikono. Lakini roboti mpya nayo ilitupwa nyuma kwa nguvu ile ile, maana ukipiga unapigwa, ikajigonga kwenye kona. Wakangoja sahani isimame, pini ikarudi, batri ikatolewa. Batri ilikuwa imebonyea pembeni. Na kulikuwa harufu ya utamu, kama matunda yaliyoiva kupita kiasi.

Baba hakusema neno. Alikamata batri kwa koleo, akatoka nayo mbio, akaitia katika ndoo ya muchanga katikati ya lupango. Tukasimama mbali. Kisha dakika chache batri ikavimba kama mandazi, moshi mweupe ukatoka, halafu moto mkali. Muchanga ukashika moto ule mpaka ukaisha wenyewe.

Wazazi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, hapa ninawaomba musome pole-pole. Batri ile ni ya lithium, ndugu ya ile ya simu zenu. Ndani yake mara nyingi kuko kobalti, na nchi yetu imetoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia katika miaka hii. Kitu kilichochimbwa na watoto wetu kinarudi nyumbani kikiwa kimefungwa vizuri ndani ya plastiki, nao wanakifungua kwa kisu ili kuona ndani. Hapana! Batri iliyovimba, iliyobonyea, iliyotobolewa au yenye harufu isiingizwe tena umeme. Itolewe inje ya nyumba, mbali na godoro na petroli, juu ya muchanga. Na hakuna batri ya kuachwa kwenye sharjeri watu wakiwa wamelala.

Mama wa kijana alisimama kwa mulango wa garaji. Yeye ni mutu wa maneno kidogo. Akasema: «Leo inaisha.» Kijana akatazama chini. Kazi ya miezi mitano, na feza yote ya kuosha magari. Baba yake akanitazama mimi, kama vile wazee wanavyotazama pasta wakitaka asaidie. Nilinyamaza, kwa sababu mama alikuwa na haki, na moto ule niliuona kwa macho yangu.

Jioni kijana aliketi na karatasi. Hakuomba. Alichora sanduku jipya la batri: sponji pande zote, kifuniko cha titani, nafasi kidogo ya kuvimba. Akaandika pia kwamba sharjeri itakaa inje, juu ya tofali, na mutu mukubwa mumoja amekaa karibu. Asubui alimupelekea mama yake karatasi ile pamoja na chai. Mama aliisoma mara mbili. Akauliza: «Mutu mukubwa ni nani?» Baba akajibu: «Ni mimi.» Mama akasema: «Tutaona.» Kwetu, «tutaona» ya mama ni mulango ulio wazi kidogo.

Lakini kifuniko kile kilileta shida ya mizani. Roboti ikafika gramu 1 389. Ilipaswa kupoteza gramu 28. Siku mbili nzima baba na mwana walitoboa mashimo, wakabadilisha vise za chuma na za alumini pale ambapo hakuna pigo, wakapunguza hata kamba za umeme. Nilipenda kuwaona. Wanabishana kwa Kiswahili cha Likasi na Kiingereza vikichanganyika, baba anasema «paka pole-pole», mwana anajibu kwa tarakimu. Nilikumbuka watoto wa kwetu na motokari zao za waya na vifuniko vya chupa, zinazogeuka kwa usukani wa kweli. Nilimwambia kijana pia juu ya roboti zilizowekwa barabarani Kinshasa tangu 2013 kwa kuongoza magari, kazi ya ingeniere wetu Thérèse Izay na wenzake: alumini, urefu wa mutu na zaidi, umeme wa jua. Alitaka kujua moteri za mikono zilikuwa za namna gani.

Mizani ya jikoni ilisoma 1 359. Gramu mbili za baki.

Siku ya mashindano mimi nilikuwa nimekwisha kurudi. Baba alinipigia simu. Roboti ilipigana mara tatu, dakika tatu kila mara. Ya kwanza ilishinda. Ya pili gurudumu la kushoto lilikatwa, ikazunguka mahali pamoja, ikashindwa. Ya tatu waamuzi walimupa mwingine. Batri ilitolewa nzima, bila hata mukwaruzo. Mama alikuwako, kwenye kiti cha mbele, na baba anasema alipaza sauti kupita watu wote.