Cheka Gilichi, Usimtukane Fundi

Leo naongea na nyinyi mnaopenda klipu za gilichi, na najua mko wengi, kwa sababu hizo ndizo video zangu zinazotazamwa kuliko zote. Nikiposti uchambuzi wa gemu mpya, napata komenti kumi. Nikiposti mchezaji wa mpira amezama ardhini mpaka kiunoni na bado anapiga chenga, simu hainyamazi mpaka asubuhi.

Na kusema ukweli, zinachekesha. Kwa kibanda cha gemu hapa Nyacheki, mahali wasee wanane wanangojea padi mbili, gilichi ni ya wote. Kipa akigeuza shingo nyuma kama bundi, hata yule amefungwa manne anacheka. Kwa hivyo sisemi tuache kucheka. Shida yangu ni komenti moja ambayo haikosi chini ya hizo klipu: "Aliyetengeneza hii afutwe kazi." Hapo ndipo tunaachana.

Kwanza tuelewane ni nini huharibika. Mhusika wa gemu ni ngozi iliyovishwa juu ya mifupa. Fundi anauchonga mwili mikono ikiwa imenyooshwa kando, kama mtu anayepekuliwa na polisi, kwa sababu hivyo ni rahisi kupanga mifupa ya mabega na kwapa. Baadaye kila mwendo unatengenezwa kivyake: kutembea, kuketi, kupanda ngazi. Gemu ikikosa kuupata mwendo inaouhitaji, mhusika anabaki vile alivyozaliwa, mikono kando. Ndio maana Cyberpunk 2077 ilipotoka tarehe 10 Desemba 2020, mtandao ulijaa picha za watu wamesimama hivyo, hadi juu ya pikipiki inayokimbia.

Kuna gilichi nyingine zinazotokea kwa sababu mtu alijaribu kitu kigumu. Chukua FIFA 12, ya mwaka 2011. Kabla yake, wachezaji wakigongana, gemu ilichagua tu mgongano uliokuwa umetengenezwa tayari. FIFA 12 ilileta mfumo wa kupiga hesabu ya miili papo hapo: nani amegongwa wapi, kwa nguvu gani, ataangukia upande upi. Hesabu ikichanganya miguu, mabeki wawili wanaishia chini wamekumbatiana kama wapenzi waliopotezana miaka. Dunia nzima ilicheka. Lakini huo si uvivu, buda. Mvivu angeacha mfumo wa zamani.

Sasa nikupeleke kwa ile iliyonifanya niandike. Machi 2017, Mass Effect: Andromeda ilitoka ikiwa na nyuso za ajabu. Macho yamekodoka, mdomo unaongea peke yake, tabasamu ni la mtu anayeumwa na jino. Watu walicheka, sawa. Halafu umati ukaanza kutafuta wa kulaumiwa. Wakamshika mwanamke mmoja aliyewahi kufanya kazi EA, wakadai ndiye aliyeongoza kazi ya animesheni, wakammiminia matusi. BioWare, waliotengeneza gemu, ilibidi watoe taarifa kwamba madai hayo ni ya uongo, na kwamba kushambulia mtu binafsi hakukubaliki hata kama angehusika.

Juni mwaka huo, mwandishi Jason Schreier alichapisha uchunguzi wake kwenye Kotaku. Gemu ilikuwa imechukua miaka mitano, lakini sehemu kubwa yake ilijengwa kwa chini ya miezi 18, kwa sababu mipango ya juu ilibadilika njiani. Yaani fundi alipewa uso wa kung'arisha wakati lori tayari linanguruma mlangoni.

Watu wa Kisii hili tunalielewa bila kufundishwa. Nenda Tabaka uangalie mawe ya sabuni yakichongwa. Kuchonga ni mwanzo tu. Kuna kusugua na msasa na maji, kukausha, kupaka nta. Mnunuzi akibeba kinyago kabla ya msasa, utaona alama za kisu usoni. Je, utamlaumu yule mama aliyenyimwa nafasi ya kusugua?

Na hapa ndipo kuna kitu kinachotuuma sisi wa mashinani. Kampuni kubwa zikishatoa gemu mbichi, zinasema zitarekebisha baadaye. Kweli, macho ya Andromeda yalirekebishwa kwa apdeti ya Aprili 2017. Cyberpunk ilitolewa kwa duka la PlayStation kuanzia Desemba 2020 hadi Juni 2021, na apdeti yake ya Machi 2021 ilipita gigabaiti 30. Gigabaiti 30! Hapa mtu ananunua bando la saa moja. Mwenye kibanda hawezi kuacha mashine ikidaunilodi usiku kucha, na stima yenyewe haiaminiki. Kwetu, gemu inabaki vile ilivyokuja kwa diski. Gilichi ambayo Nairobi waliisahau kitambo bado tunaishi nayo. Kama kuna hasira, ielekezwe kwa aliyepanga tarehe akadhani kila mtu ana waifai.

Kuna kijana mtaani kwetu anajifunza Blender, ile programu ya bure, kwa kompyuta ya mtumba. Mwezi uliopita aliposti mhusika wake wa kwanza akitembea, mzee mwenye bakora. Goti lilikuwa linapinda kwenda mbele. Komenti zilizofuata sitazirudia. Siku ya pili akafuta video, na sijamwona akiposti tena. Kumbuka Wakenya tayari wameonyesha inawezekana: mwaka 2015 Andrew Kaggia na Black Division Games walitoa Nairobi X, gemu ya risasi ambayo viumbe wa anga za mbali wanavamia jiji letu. Watu kama hao huanza na goti lililopinda vibaya. Tukiwafukuza wakiwa kwa goti, nani atafika kwa uso?

Kwa hivyo ukurasa huu una sheria mpya. Klipu za gilichi zitaendelea, Ijumaa kama kawaida. Ukitaka kukosoa, kosoa kazi: sema ni mfupa gani umekataa, sema mwendo gani umekosekana, lalamika kuhusu apdeti na bei. Ukimtukana fundi, komenti yako naitoa. Na kama wewe ndiye mwenye yule mzee wa bakora, irudishe ile video. Lile goti linarekebishika.