Baiskeli Isiyo na Springi Nyuma

Tulipohamishwa kutoka Arua kwenda kufundisha Koboko, tulichukua pamoja na vyombo vyetu baiskeli mbili za mlimani, za mitumba, zenye springi mbele na nyuma. Tulizionea fahari kubwa. Barabara iunganishayo miji hiyo miwili kupitia Maracha, yapata kilomita 55, ina lami. Lakini shule tuliyopangiwa haikuwa kando ya lami. Ilikuwa ndani, mwisho wa njia ya udongo mwekundu inayoelekea upande wa mlima Liru, ambayo mvua za Agosti huichimba mifereji na kiangazi huiachia mawe yaliyosimama kama magego.

Katika njia hiyo springi zilitudekeza. Gurudumu la nyuma lilipoingia shimoni, springi ilijikunja ikalimeza shimo, nasi tuliokuwa tumeketi hatukujua lililotokea. Muda wa miaka miwili tulisafiri hivyo, tukizungumza habari za shule na za nyumbani, bila ya kuitazama njia. Ulipofika mlima, kila tulipokanyaga pedali fremu ilinesanesa, na sehemu ya nguvu zetu ikapotelea katika springi. Hilo nalo tulilizoea, tukadhani ni umri.

Kisha bawaba za fremu zikaanza kulegea. Fremu ya namna hiyo haikuungwa moja kwa moja: sehemu ya nyuma huchezea juu ya pini, na pini huzunguka ndani ya bushi ndogo ambazo vumbi letu huzila upesi. Tulizipeleka Arua kwa fundi afanyaye kazi chini ya mwembe. Akalitikisa gurudumu huku na huku, akatuambia, “Walimu, hii si baiskeli, hii mlango.” Bushi za kiwanda hazikupatikana. Akatuchongea nyingine kwa mpira wa tairi kuukuu, zikadumu wiki tatu.

Hata hivyo hatukuziacha kwa sababu ya bushi. Usiku mmoja wa Oktoba mtoto wa jirani alishikwa na homa kali, na njia ilikuwa matope ambayo hakuna pikipiki iliyokubali kuyaingia. Jirani alikuja kwetu kwanza, kwa kuwa baiskeli zetu ndizo zilizokuwa mpya kuliko zote kijijini. Hazikuwa na karia. Karia hufungwa kwenye fremu na kwenye ekseli ya nyuma, na zetu, ekseli ilipopanda, fremu ilibaki. Kila karia tuliyojaribu kuifunga ilikuwa imevunjika. Mama na mwanawe wakapakiwa kwenye baiskeli nyeusi ya mzee mmoja, nzito, isiyo na springi popote ila chini ya kiti. Sisi tulifuata nyuma tukimulika kwa tochi. Mtoto alipona. Lakini tulifedheheka, wala hakuna aliyetulaumu.

Mwezi uliofuata tuliziuza, baada ya kumweleza mnunuzi kasoro zake, tukanunua mbili zenye springi mbele tu. Tulijiambia kwamba hata waanzilishi wa mchezo huo, vijana wa California katika miaka ya 1970, waliteremka milima yao kwa baiskeli zisizo na springi hata moja. Faraja hiyo haikufika mbali. Wiki ya kwanza mmoja wetu alianguka mara mbili, na mwingine hakuweza kuinama kuandika ubaoni. Tulikuwa tumesahau kusimama juu ya pedali, kukunja magoti, kuchagua pa kupitisha gurudumu kabla halijafika. Kwenye mlima wa mawe gurudumu la nyuma lilirukaruka, likakosa pa kushika. Kwenye mlima laini tulipanda kwa wepesi tuliokuwa tumekwisha kuusahau.

Fundi ndiye aliyetufundisha upya. Kiswahili chake ni kile cha soko na cha kambi, kisichojali sana upatanisho wa ngeli: kwake ni “baiskeli yangu mbili” na “mguu yako”. Tulimsahihisha kimoyomoyo, yeye akatusahihisha waziwazi, mbele ya wateja: “Mwalimu, magoti! Kukaa ni ya nyumbani.”

Sasa tunaijua njia. Tunajua jiwe la kupitia kushoto, na mzizi wa mwembe unaoteleza baada ya mvua. Kuna mteremko mmoja tu, kabla ya kijito, ambapo springi za nyuma tunazikumbuka kila siku. Hapo mmoja wetu hushuka akasukuma. Mwingine huteremka amesimama, ameshika breki, na daftari za darasa la sita zikipigapiga juu ya karia.