Bega Hupona, Mguu Hulipa

Watu wa Nunguni, katika milima ya Kilungu, hawahitaji kufundishwa habari za mzigo. Mama apandaye kilima na kiondo cha mahindi mgongoni, ukanda ukipita kwenye paji la uso, ajua kwamba kila kilo aliyoiongeza sokoni ataihesabu tena njiani. Fikira hiyo hiyo yamfaa mtu atakaye kuituliza bunduki imwumizayo bega.

Askari wengi wa K.A.R. walitoka Ukambani. Mwaka 1952 na 1953 kikosi cha tatu, kilichotoka Kenya, kilikuwa katika misitu ya Malaya. Katika vita vile bunduki fupi ya Kiingereza, iliyoitwa No. 5, ilitumika sana. Uzito wake ulikuwa kilo 3.2 hivi, hali ile ndefu, No. 4, ilikuwa na kilo 4.1 hivi, lakini zote mbili zilipiga risasi ile ile ya.303. Basi ile nyepesi iliipumzisha miguu na kuliadhibu bega. Tena mpira wa kitako chake ulikuwa mwembamba, ukakusanya nguvu yote mahali padogo.

Sababu yake ni wazi. Baruti isukumapo risasi mbele, huisukuma na bunduki nyuma. Na kitu kizito husogea polepole kuliko chepesi. Ukitia nusu kilo katika bunduki ya kilo 3.2, nguvu ya pigo hupungua kwa asilimia 13 hivi. Si nyingi, lakini yaweza kumponya mtu na jambo baya kuliko maumivu, yaani kufumba macho na kushtuka kabla ya kufyatua. Hapo ndipo shabaha hukosekana.

Fundi hulifungua bamba la kitako, akachimba tundu katika mti, akatia vipande vya madini ya risasi na kuvikaza kwa kitambaa visichezecheze. Tundu likiwa pana mno, mti hupasuka. Uzito wote ukiwekwa nyuma, mtutu huwa mwepesi na kuyumba; kwa hiyo wengine huugawa, nusu nyuma na nusu mbele. Lakini bunduki ya Serikali haichimbwi na aliyekabidhiwa.

Yafaa mtu ajiulize kwanza kazi yake ni ipi. Apigaye shabaha uwanjani, hali amelala kifudifudi, hapati hasara kwa uzito. Askari wa doria, apandaye na kushuka milima kutwa, ataulipia kila hatua. Huyo ni afadhali ajifunze kukikaza kitako begani barabara, maana nafasi ndogo iachwayo kati ya mti na bega ndiyo igeuzayo msukumo kuwa pigo. Mafunzo hayo hayana uzito wowote, wala hayaachwi nyuma safari iwapo ndefu.