Amana Nyuma ya Kitufe cha 1

Leo sikuja na mjadala wa arudhi. Nimekuja kuungama kosa, na kosa lenyewe lilianzia kwenye simu.

Kwa muda wa wiki kadhaa, juu ya kioo cha simu yangu palikaa alama ndogo: viduara viwili vilivyounganishwa na kistari kwa chini. Mimi niliiona miwani. Nilidhani simu inanikumbusha umri wangu, au kampuni inatangaza biashara zake, nikaipuuza. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba ile si miwani. Ni mfano wa magurudumu mawili ya utepe wa kunasia sauti, kama tuliyokuwa tukiyaona ndani ya kaseti. Maana yake: kuna mtu alikupigia, hakukupata, akakuachia sauti yake.

Mtu huyo alikuwa rafiki yangu wa Lamu, malenga aliyenizidi umri na ufundi. Mimi niko Mombasa. Yeye ana simu ya vitufe, ile tuiitayo mulika mwizi, na macho yake hayasomi tena herufi ndogo. Kwa hiyo haandiki ujumbe, wala hana zile programu za kutumiana sauti ambazo vijana wanazo. Hupiga. Na kawaida yake ni kupiga baada ya adhuhuri, saa ambayo mimi huizima simu yangu nikajinyoosha.

Vijana wetu wana msemo kwa hali hiyo. Husema, "Yuko mteja," yaani hapatikani. Wameuchukua kutoka kwa ile sauti ya mtambo itangazayo kuwa mteja wa nambari uliyopiga hapatikani, wakamfanya mteja awe ndilo jina la kutokuwepo. Siwalaumu. Lugha haiombi ruhusa kwa walimu. Hata neno simu tulilipokea kutoka Kiajemi kwa maana ya waya, na leo tunazungumza na simu zisizo na waya wowote bila hata mmoja wetu kuona ajabu. Waya ulikatika, neno likabaki.

Sasa nirudi kwenye kosa. Miezi michache kabla ya hayo, malenga alinisomea shairi lake, nami nikaliandika ili lisomwe katika kikao cha washairi hapa Mombasa. Katika ubeti mmoja alisema mato. Wasomaji mnajua kuwa Kiamu hutia t pale ambapo Kiswahili sanifu kina ch: mato ni macho, matozi ni machozi, nti ni nchi. Mkono wangu, uliozoea kalamu nyekundu kwa zaidi ya miaka thelathini, ukaandika macho. Sikutambua hata kidogo kwamba kina cha mwisho kilikuwa to, na kwamba nilikuwa nimekibomoa. Shairi likasomwa likichechemea, na habari zikavuka bahari zikamfikia mwenyewe.

Malenga hakukasirika kwa namna ya watu wasio na fani. Alifanya kama wafanyavyo malenga: alitunga ubeti wa kuniuliza, akanipigia anisomee. Nilikuwa nimelala. Akauacha ubeti wake kwa ule mtambo, akangoja jibu.

Hapa ndipo penye uzito. Baina ya Mombasa na Lamu, ubeti ulioulizwa hauachwi bila jibu. Enzi za Vita vya Kuduhu, mwanzoni mwa karne ya 19, washairi wa pande hizi mbili walijibizana kwa tungo hata pale miji yao ilipokuwa ikiwindana. Adui alimjibu adui. Mimi nisiyekuwa adui nikanyamaza wiki baada ya wiki. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, naye akawa anausubiri mshindo huo. Ulipokosa kuja, akauelewa ukimya wangu kwa njia moja tu: kwamba mwalimu amejiona mkubwa.

Niliyajua haya harusini. Mgeni mmoja kutoka Lamu alinivuta kando akaniambia, "Mwalimu, mzee wetu asema wewe siku hizi huongei na watu wa visiwani." Nikampigia malenga usiku ule ule. Hakupokea. Nikapiga tena asubuhi. Hakupokea.

Mjukuu wangu alikuwa nyumbani kwa likizo. Akanikuta nimeikazia simu macho. "Babu," akasema, "mbona hujasikiliza hizi sauti zako?" Nikamwuliza sauti gani. Akaigusa ile miwani yangu.

Alichonionyesha kitatosha kuwafaa wenzangu wa rika langu, kwa hiyo nakieleza. Fungua mahali pa kupigia simu, pale penye tarakimu. Bonyeza 1 na ukishikilie, usikiachie, hadi simu yenyewe ianze kupiga. Itakuunganisha na sanduku lako la sauti. Huenda ikakutaka nambari ya siri, na mara ya kwanza ikakuomba uitunge. Ikiwa simu itakujibu kuwa nambari ya sanduku la sauti haijawekwa, kama yangu ilivyojibu, ingia katika mipangilio ya sehemu hiyo ya kupigia, tafuta palipoandikwa ujumbe wa sauti, uiandike humo nambari inayotolewa na kampuni ya laini yako. Kampuni zina nambari tofauti, basi waulize wenyewe. Ukishaihifadhi, kitufe cha 1 kinakuwa njia yako ya mkato. Mimi niliongeza na jingine: nimeihifadhi nambari hiyo miongoni mwa majina ya watu wangu, na kijipicha chake nimekiweka kwenye uso wa simu, kando ya saa, nikione kila niamkapo.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililoniumiza. Sauti uliyoachiwa haimo ndani ya simu yako. Imo katika mitambo ya kampuni, nayo huifuta baada ya siku walizoziweka. Ukitaka kuidumisha, ihamishe. Mimi niliifungulia simu yangu spika, mjukuu akainasa sauti kwa simu yake.

Tulikuta jumbe tatu. Wa kwanza ulikuwa salamu na kikohozi. Wa pili ulikuwa huu, nami nauandika kama alivyoutamka, bila kugusa hata herufi:

Mwalimu nakuuliza, nijibu suala zito,
Kosa lipi lakukwaza, ukayafukuza mato?
Macho umeyaingiza, kina kimezima moto,
Rejesha uloyauza, lugha ni mai ya mto.

Wa tatu ulikuwa neno moja tu: "Haya."

Niliusikiliza ubeti ule mara nyingi. Kwenye karatasi mtaziona mizani na vina, lakini hamtamsikia akiuvuta ule mwisho wa mato, wala pumzi aliyoichukua kabla ya kusema mai. Tumezoea kusema waraka ni nusu ya kuonana. Sauti inapita nusu hiyo.

Ndipo nikaanza kuliwazia jina. Wengine huita kitu hiki ujumbe wa sauti, lakini jina hilo sasa wamelitwaa vijana kwa zile sauti wanazotumiana papo kwa papo. Wengine husema sanduku la sauti. Ni jina zuri, ila linataja chombo na kukisahau kilichomo. Mimi napendekeza amana ya sauti. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa mkononi mwako kwa kukuamini, na huwezi kusema hukukiona ilhali ulikabidhiwa. Lau simu yangu ingeniandikia "una amana," badala ya kunichorea miwani, sidhani kama ningelala juu yake siku zote hizo. Wenye jina bora zaidi na walitoe, nitalipokea.

Jibu langu sikulituma kwa mtu. Nilimpigia baada ya adhuhuri, saa yake mwenyewe, na alipokosa kupokea tena, nikamwomba jirani yake anisaidie. Jirani akamsogezea simu sikioni, nami nikasoma:

Malenga nimesikia, hukumu yako ni nzito,
Mato nimeyarudia, kina kimepata moto,
Sikuwa nakununia, sikio juu ya mto,
Amana nashikilia, kila neno lako kito.

Kulikuwa na kimya. Kisha akacheka kicheko kirefu, na nikajua ni mto wangu uliomchekesha, ule wa kulalia niliomrudishia badala ya mto wake wa mai. Shairi lake nimeliandika upya, na katika kikao kijacho litasomwa na mato yake.

Tulipokuwa tukiagana nikamwambia kwamba nimezihifadhi jumbe zake zote tatu.

"Tatu?" akasema. "Nalikuwatia nne."

Nikahisabu upya moyoni. Salamu, ubeti, haya. Nikamwuliza ule mwingine ulisema nini. Akanyamaza kidogo, kisha akanijibu kwa upole, kama mtu amwambiaye mtoto kwamba chombo kimekwisha tweka.

"Ulikuwa wako, Mwalimu. Umepotelea mkononi mwako."

Nimemwuliza mara mbili tangu siku ile. Hajaniambia.