Kaye ya nyimbo tuliyoifungia kabatini



Juma hili tunataka kuungama kosa letu. Sisi ni walimu wanne wa kike wa shule moja ya msingi hapa Bukavu. Wote tulipita ISP, wote tuna miaka thelathini na kitu, na wote tulilelewa na muziki. Nyumbani kwa mama zetu redio ya kaseti ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, na Jumamosi wakati wa kufua nguo ilikuwa lazima M'bilia Bel aimbe. Mawe ya redio yakichoka tuliyaanika juani ili tumalizie wimbo. Utepe wa kaseti ukijikunja tuliurudisha kwa kuzungusha biki. Tulikuwa wafuasi kweli kweli. Tuliweza kununiana siku mbili kwa kubishana nani anashinda, M'bilia Bel ao Tshala Muana.

Sasa sikieni tulichofanya tulipokuwa walimu.

Mwaka jana, katika saa ya hesabu, tulimkuta binti mmoja wa mwaka wa sita ana kaye nyingine chini ya banki. Tukamnyang'anya mbele ya wenzake. Ilikuwa imejaa nyimbo za Lingala, zimeandikwa kwa herufi kubwa kama za mtoto mdogo. Katika chumba cha walimu tulisoma mistari kwa sauti na kucheka. Mtihani wa mwisho wa msingi unakaribia, naye anaandika mambo ya mapenzi! Tukaifungia kaye kabatini, tukamwambia asirudi darasani bila mzazi.

Siku ya tatu mama yake alifika. Anauza sambaza soko la Kadutu. Aliacha beseni mlangoni, akafuta mikono kwa kitenge chake, akaketi. Tulikuwa tumepanga maneno ya kumpa kuhusu malezi. Alisikiliza yote, kisha akasema: "Walimu wangu, mtoto hana kosa. Hiyo kaye ni yangu mimi."

Hakuwahi kukaa kwenye banki ya shule. Baba yake alisomesha wavulana tu. Mwaka ule, katika likelemba yao sokoni, zamu yake ilipofika aliambiwa amekwisha kupokea. Mwandishi alimwonyesha mstari wenye msalaba, akasema ndio huo, jina lako. Angesema nini? Hakujua kama lile lilikuwa jina lake kweli. Alirudi nyumbani bila franga, na usiku ule akamwomba binti yake amfundishe kusoma.

Binti alianza na kitabu cha shule. Haikwenda. Mama alikuwa amechoka, na sentensi zile zilisema habari za watu asiowajua. Ndipo mtoto akauliza: "Mama, wewe unajua nini kwa moyo?" Mama akacheka, akasema anajua nyimbo za M'bilia Bel tu. Basi mtoto akawa anasikiliza nyimbo kwenye simu na kuziandika, neno kwa neno, akiacha nafasi kati ya silabi. Ukurasa wa kwanza uliandikwa Nakei Nairobi. Mama alipitisha kidole. Kwa kuwa alijua neno linalofuata, kinywa kilitangulia na jicho likafuata nyuma, likazoea sura ya herufi. "Na" ya Lingala inaandikwa kama "na" ya Kiswahili. Neno la kwanza alilosoma peke yake maishani mwake ni Nairobi, mji ambao hajaufika. Kurasa za mwisho tu ndizo zilikuwa za binti mwenyewe, nyimbo za Fally Ipupa. Ndio mshahara wake wa ualimu, alisema mama.

Mama zetu, tulinyamaza. Desemba 2021, UNESCO ilipoandika rumba ya Kongo katika urithi wa wanadamu, sisi hao hao tulishangilia katika chumba kile cha walimu. Na kule ISP tulifundishwa kwamba mwanafunzi aongozwe kutoka lile analolijua kwenda lile asilolijua. Tuliliandika kwenye mtihani, tukapata pointi. Mtoto wa miaka kumi na miwili alilitenda, bila diploma, nasi tukamwazibu.

Jioni ile hatukuharakisha kwenda nyumbani. Tuliulizana: kupenda wanamuziki kwa miaka yote hii kulitufundisha nini, hata tukasahau?

Kwanza, moyo ukipenda kitu, kichwa hakihitaji fimbo. Hakuna aliyetupiga ili tujue Lingala. Tuliipata kwenye nyimbo. Mtoto anayeshindwa na masomo, tumwulize anajua nini kwa moyo, tuanzie hapo.

Pili, anayesimama mbele leo alisimama nyuma jana. Utotoni tuliona nguo na mataa tu. Lakini M'bilia Bel, kabla ya kuimba katika Afrisa ya Tabu Ley, alikuwa nyuma ya Abeti Masikini. Fally Ipupa naye alikaa miaka katika Quartier Latin ya Koffi Olomide, kabla ya kutoa albamu yake Droit Chemin mwaka 2006. Binti zetu wakisema wanataka kuwa kama fulani, tuwasimulie na miaka ile ya nyuma.

Tatu, tuchukue wimbo, tusichukue maisha ya mwimbaji. Mpeve ya Longo ya M'bilia Bel ni malalamiko ya mke aliyeachwa na mumewe, akabaki na watoto peke yake. Mama zetu walilia nao kwa sababu waliyajua yale. Walichukua faraja, wakaendelea na kufua. Hawakuuza chungu ili wafanane naye. Sisi tulikosa akili hiyo. Mmoja wetu, akiwa ISP, alikula franga za silabasi kwa tikiti ya konseri na viatu vya kuendea. Alikesha majuma mawili akinakili silabasi ya mwenzake kwa mkono. Mwanamuziki yule hakujua kama alikuwapo.

Tuliirudisha kaye. Tena, kwa kuwa tulimpatia binti haya mbele ya darasa, tulimwomba msamaha mbele ya darasa lile lile. Ilituwia vigumu. Watoto walinyamaza, kwani hawajazoea kumsikia mwalimu akisema "nilikosea". Tulipatana naye: saa ya hesabu ni ya hesabu, nyimbo ni za nyumbani.

Na mama yake? Likelemba ilipoanza upya, aliomba aione kaye kabla ya kutoa mchango. Aliweka kidole, akasoma jina lake polepole, akafika kwenye hesabu, akasema: "Hapa mmepunguza." Mwandishi alitazama, akachukua biki, akasahihisha. Hakuna aliyegombana. Mama alifunga kitenge chake vizuri, akarudi kwenye beseni lake.

Mama unayesoma haya, ao unayesomewa na mtoto wako, usione haya. Chagua wimbo mmoja unaoujua mpaka mwisho, wa kanisa ao wa rumba, wa lugha yoyote. Mwambie mtoto auandike kwa herufi kubwa na aache nafasi. Kila jioni, sufuria ikiwa motoni, pitisha kidole kwenye mistari miwili, si zaidi. Na wewe mwalimu mwenzetu, ukikuta kaye chini ya banki, uliza kwanza ni ya nani.